Mbwa Mtaani: Polisi Akiitwa, Kazi Huanzia kwa Aliyeumwa

Alfajiri, kabla Marikiti haijafunguliwa, mabaki ya nyama na samaki ya jana huwa bado kwenye mapipa, na mbwa watatu au wanne huwa wameshafika. Watu wanaotoka kuswali hupita upande wa pili wa njia, wasukuma mikokoteni huwafukuza kwa sauti, na siku nyingi mambo huishia hapo. Kisha siku moja mtoto aliyetumwa mkate anakutana nao kwenye kichochoro. Mmoja anamuuma mguu, kelele zinapigwa, mawe yanaanza kuruka, na mtu anatoa simu kuwaita polisi. Ombi huwa moja: afande, njooni mumpige risasi mbwa huyu.

Anayeomba hivyo ana sababu ya kuogopa. Kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili kwa binadamu, karibu kila mgonjwa hufa, na hakuna dawa ya kumrudisha. Shirika la Afya Duniani hukadiria kwamba watu wapatao 59,000 hufa kwa ugonjwa huu kila mwaka, wengi wao Asia na Afrika, na kwamba karibu wote waliupata kwa kuumwa na mbwa. Hapa Kenya ugonjwa huu umejulikana tangu mwaka 1912. Hata hivyo, risasi haimtibu mtoto aliyeumwa. Ikipigwa vibaya inaweza kumuumiza mpita njia, na hata ikipigwa vizuri inaweza kuwanyima madaktari taarifa wanayoihitaji zaidi, yaani kama mbwa yule alikuwa na kichaa au la.

Wakazi wa kisiwani, kuanzia Mji wa Kale hadi Tudor na Kizingo, wamekuwa na maswali kuhusu polisi anavyotakiwa kushughulikia simu ya namna hii. Jibu lake liko katika sheria kadhaa, katika kanuni za afya, na kwa sehemu kubwa katika mambo ambayo mkazi mwenyewe hufanya kabla afisa hajafika.

Ni kazi ya nani?

Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 linagawa kazi kati ya Serikali ya Kitaifa na kaunti. Kudhibiti wanyama na kuangalia ustawi wao, pamoja na kutoa leseni za mbwa, ni kazi ya kaunti. Huduma za mifugo pia ziko huku. Polisi ni wa Serikali ya Kitaifa. Kwa hiyo mbwa mmoja aliyeuma mtu mmoja anagusa serikali mbili kwa wakati mmoja, na mkazi anaweza kujikuta akiambiwa kituoni aende kaunti, na akifika kaunti aambiwe aanzie kituoni.

Mgawanyo wenyewe si mgumu ukielezwa. Mtu yuko hatarini sasa hivi, au mtu ameumwa, au kuna anayemtesa mnyama: hapo polisi huitwa. Mbwa anaonekana mgonjwa, au kundi la mbwa wasio na wenyewe limeweka makao karibu na shule, au mbwa wa nyumbani anahitaji chanjo: hiyo ni kazi ya daktari wa mifugo wa kaunti. Kidonda ni cha hospitali. Mtu akishaumwa, wote watatu wanahusika, na afisa wa polisi aliyefika kwanza ndiye anayetakiwa kuwaunganisha wenzake wawili, si kumwachia mzazi mwenye mtoto anayevuja damu azunguke kutafuta ofisi.

Polisi naye hafanyi kazi hiyo kwa hisani. Sheria ya Kichaa cha Mbwa, Sura ya 365, inamtaka mtu mwenye mnyama anayeshukiwa kuwa na ugonjwa huo atoe taarifa, na polisi ni miongoni mwa wanaopokea taarifa hiyo pamoja na maafisa wa mifugo na wa utawala. Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 243, inalifanya kosa la jinai kwa mtu mwenye mnyama kutochukua tahadhari dhidi ya hatari ambayo mnyama huyo anaweza kuleta, ikiwa uzembe huo unahatarisha maisha au unaweza kumdhuru mwingine. Mwenye mbwa mkali anayemfungulia geti jioni akazurura mtaani yuko ndani ya kifungu hicho. Upande wa pili, Sheria ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, Sura ya 360, inakataza kumpiga mnyama kikatili, kumtesa, kumtia hofu kwa makusudi au kumpa sumu bila sababu ya haki. Kijana anayemfunga mbwa kamba na kumburuta kwa bodaboda amevunja sheria hiyo, hata kama mbwa huyo hana mwenyewe.

Kuhusu bunduki, Sheria ya Huduma ya Taifa ya Polisi ya 2011 ina Jedwali la Sita linalozungumzia matumizi ya nguvu na silaha. Msingi wake ni kwamba afisa huanza na njia zisizo za nguvu, na silaha hutumika pale tu njia nyepesi zimeshindwa na kuna maisha ya kuokoa. Afisa akifyatua risasi hutakiwa kutoa taarifa kwa mkubwa wake hata kama hakuna aliyeumia. Jedwali hilo liliandikwa kwa kuwafikiria binadamu, lakini risasi inayopigwa kumlenga mbwa katikati ya mtaa ni risasi iliyopigwa katikati ya watu.

Kichochoro si uwanja

Anayeijua Mji wa Kale atalielewa hili haraka. Njia nyingi kutoka Ndia Kuu kuelekea bandari ya zamani ni nyembamba kiasi kwamba mkokoteni ukiingia, mtu hujibana ukutani. Kuta ni za mawe ya matumbawe, milango iko moja kwa moja juu ya njia, barazani kuna wazee, na kona iko kila hatua chache. Risasi ikikosa mbwa hugonga jiwe na kurudi, au hupita kona na kumkuta mtu ambaye hata hajui kuna mbwa. Mahali kama hapo bunduki ni kitu cha mwisho kabisa, si cha kwanza.

Kichochoro kina ubaya mwingine. Mbwa akibanwa pande zote mbili hana pa kwenda ila kupita katikati ya watu. Mbwa wengi wasio na wenyewe humwogopa binadamu, na wakiona upenyo hukimbia. Umati wenye mawe na marungu huuziba upenyo huo. Ndiyo maana jambo la kwanza ambalo afisa hufanya akifika, kabla hata ya kumtazama mbwa vizuri, ni kuwaondoa watu: mawe yawekwe chini, watoto waingie ndani, milango ifungwe, upande mmoja wa njia uachwe wazi. Mkazi anayeona afisa anawafukuza watu badala ya kumfukuza mbwa huweza kudhani amekuja kumtetea mnyama, kumbe anapunguza idadi ya watakaoumwa.

Baada ya hapo ndipo mbwa hutazamwa. Mbwa aliyeingiza mkia katikati ya miguu, masikio yamelala na mwili ameuinamisha, ana hofu. Huyo huuma akiguswa au akibanwa, si kwa kufuata watu. Mbwa aliyesimama imara, mwili umekakamaa, mkia umenyanyuka, macho hayatoki kwa mtu, anatoa onyo, na huwa analinda kitu: chakula, watoto wake, au geti. Ukimwondokea taratibu, mara nyingi hilo linatosha. Wa tatu ndiye wa kuogopwa zaidi, na huenda asionyeshe ukali wowote. Anatoka udenda mwingi, taya limelegea, sauti imebadilika, anayumba, anauma vitu visivyo na maana kama tairi au kijiti, au amelala tu kivulini na hawezi kumeza maji. Kichaa cha mbwa kina sura mbili, ya fujo na ya kimya, na hii ya kimya ndiyo inayowadanganya watoto wanaokwenda kumpa maji mbwa aliyepooza.

Afisa anayekutana na mbwa hamkodolei macho, hakimbii, hapigi kelele. Husimama upande, mikono chini, akarudi nyuma kidogo kidogo, na huweka kitu kati yake na mnyama: baiskeli, kiti cha plastiki kutoka dukani, kifuniko cha pipa, mkoba. Kanuni ni hizo hizo kwa mkazi. Kukimbia humwamsha mbwa yeyote ambaye hapo awali hakuwa na nia ya kufuata.

Nchi nyingine zimelipa gharama kubwa zaidi kujifunza haya. Huko Marekani, malalamiko kuhusu polisi kuwapiga risasi mbwa wa raia yaliongezeka hadi Wizara ya Sheria ikatoa mwongozo wa kufundishia maafisa mwaka 2011, na jimbo la Colorado likapitisha sheria mwaka 2013 ya kuwalazimu polisi wafunzwe kusoma tabia ya mbwa. Huko mbwa wengi ni wa ndani ya nyumba na kichaa cha mbwa ni nadra, kwa hiyo hoja yao kubwa ilikuwa mali na uchungu wa mwenye mbwa. Kwetu hoja kubwa ni ugonjwa.

Mbwa wa geti

Simu nyingi za Tudor, Kizingo na Ganjoni si za mbwa wasio na wenyewe. Ni za mbwa wa walinzi, wanaobweka usiku kucha au waliotoka geti likiwa wazi. Hapa kazi ya polisi ni nyepesi zaidi kwa kuwa mwenyewe anajulikana. Afisa anayekwenda nyumba yenye mbwa hutikisa geti kwanza na kusubiri, hata kama hakuna kibao cha "Mbwa Mkali", na humtaka mwenye nyumba amfunge mnyama kabla ya mazungumzo yoyote. Mwenye nyumba akikataa, hilo linaandikwa. Kama afisa amekuja na hati ya upekuzi na anajua kuna mbwa, hupanga mapema jinsi ya kumtenga badala ya kuvunja mlango na kukutana naye ukumbini.

Kwa mbwa anayebweka, wakazi wanashauriwa waanze kwa jirani, kisha mzee wa mtaa au chifu. Polisi hawana njia ya kumnyamazisha mbwa saa nane za usiku, na gari la doria lililokwenda kwa sababu hiyo halipo kwingine.

Aliyeumwa kwanza

Haya yote yanaweza kusubiri. Kisichosubiri ni kidonda.

Kidonda cha mbwa kioshwe pale pale kwa sabuni na maji mengi yanayotiririka, kwa muda wa dakika 15. Dakika 15 kwa saa, si kwa kukisia. Ni ndefu kuliko mtu anavyofikiri, hasa mtoto akiwa analia. Virusi vya kichaa cha mbwa hukaa kwenye mate yaliyoingia kidondani kabla ya kushika mishipa ya fahamu, na sabuni huviharibu. Sabuni ya mche inatosha. Maji ya bomba, ya kisima au ya mtungi yanatosha mradi yanamiminwa. Afisa aliyefika akakuta mtoto hajaoshwa anatakiwa kuanzia hapo, hata kabla ya kufungua daftari lake.

Kuna jambo moja linalohusu mitaa yetu hasa. Waislamu wengi wa Pwani hufuata madhehebu ya Shafi, ambayo huhesabu mate ya mbwa kuwa najisi nzito inayotwaharishwa kwa kuosha mara saba, mojawapo kwa udongo. Hofu ya najisi wakati mwingine humfanya mtu akimbilie udongo kwanza. Kwa afya, udongo usiingizwe ndani ya kidonda kilicho wazi, kwa kuwa una vijidudu vya pepopunda na vinginevyo. Sabuni na maji yatangulie, hospitali ifuate, na jinsi ya kujitwaharisha aulizwe sheikh wa msikiti wa karibu, ambaye anajua hukumu ya mtu mwenye jeraha. Vivyo hivyo pilipili, mafuta ya taa, majivu na majani ya kutafunwa havina faida na huchoma nyama. Kidonda pia kisifungwe kwa kukazwa njiani.

Kisha hospitali, siku hiyo hiyo. Kisiwani, hospitali kubwa ya umma ni ya Mafunzo na Rufaa ya Coast General. Mgonjwa huanzishiwa chanjo ya kichaa cha mbwa, na kama kidonda ni kirefu au kiko kichwani, usoni, shingoni au mikononi, daktari huangalia kama ahitaji pia dawa ya kinga inayodungwa kuzunguka kidonda chenyewe. Chanjo si sindano moja. Hutolewa kwa siku zilizopangwa, na anayeacha njiani baada ya kidonda kupona hajamaliza kinga yake. Dalili kwa binadamu kwa kawaida huchukua miezi 2 hadi 3 kujitokeza, wakati mwingine wiki moja tu, wakati mwingine mwaka mzima. Kidonda kinaweza kuwa kimesahaulika kabisa. Kama kituo cha afya cha kwanza hakina chanjo, aliyeumwa aombe rufaa siku hiyo hiyo badala ya kuambiwa arudi wiki ijayo.

Mtoto asiyetaka kuchapwa huficha. Karibu watu 4 kati ya kila 10 wanaoumwa na wanyama wanaoshukiwa kuwa na kichaa ni watoto wa chini ya miaka 15, na wengi huumwa wakiwa wamekatazwa kucheza pale walipokuwa. Mzazi akimwona mtoto ana alama ya jino au mkwaruzo, amuulize kwa upole. Mkwaruzo wa jino, au mbwa kuramba ngozi iliyochubuka, navyo ni vya kuoshwa na kupelekwa hospitali. Paka vilevile: Mji wa Kale una paka wengi kuliko mbwa, na paka aliyeumwa na mbwa mwenye kichaa anaweza kuupitisha ugonjwa.

Baada ya matibabu kuanza, ndipo taarifa hupelekwa kituoni na kuandikwa kwenye kitabu cha matukio. Kwa sehemu kubwa ya kisiwa hiyo ni Central au Makupa, kutegemea mtaa. Mkazi achukue nambari ya OB. Itamsaidia akitaka kumdai mwenye mbwa gharama za matibabu au kesi ikifunguliwa. Lakini mgonjwa asicheleweshwe akisubiri nambari hiyo. Matibabu hayaanzii kituoni.

Kwa nini mbwa asiuawe haraka

Mbwa mwenye kichaa anapofika hatua ya kuambukiza kupitia mate, huwa amebakiwa na siku chache tu za kuishi. Kwa sababu hiyo kanuni ya kimataifa ni kumtenga na kumtazama mbwa aliyeuma kwa siku 10. Akifika siku ya kumi akiwa mzima, anakula na kunywa, basi siku alipouma hakuwa na virusi kwenye mate yake, na daktari anaweza kuamua kusimamisha chanjo zilizobaki. Akifa au akionyesha dalili ndani ya siku hizo, jibu limepatikana na familia inajua kwamba hakuna sindano ya kuruka. Chanjo yenyewe huanza siku ya kwanza bila kusubiri jibu.

Mbwa aliyeuawa na kutupwa baharini hana jibu lolote. Na mbwa aliyepigwa risasi ya kichwa, au aliyepondwa kichwa kwa mawe, hupoteza kile hasa ambacho maabara huhitaji, kwa kuwa ugonjwa huu hupimwa kwenye ubongo. Ikilazimu mbwa auawe kwa sababu anaendelea kushambulia watu na hakuna njia nyingine, kichwa kilindwe, mzoga usiguswe kwa mikono mitupu, na daktari wa mifugo aitwe mara moja ili sampuli ichukuliwe na kupelekwa ikiwa kwenye barafu. Maabara ya mifugo ya kanda iko Mariakani, mwendo mfupi kwa barabara ya Nairobi, na maabara kuu iko Kabete.

Kwa hiyo kwenye simu ya mbwa aliyeuma, kazi ya afisa ikiwa imekwenda sawasawa huacha mbwa aliye hai na anayejulikana aliko. Kama ana mwenyewe, mwenyewe huagizwa amfunge au amfungie, na jina na mahali vinaandikwa. Kama hana, afisa hujaribu kumfanya abaki ndani ya uwanja uliozungushwa ukuta, ghala au gereji hadi watu wa mifugo wafike na vifaa vya kumshika. Polisi wa doria hawabebi kamba ya mti wala kizimba, na hatakiwi mtu, awe afisa au kijana shujaa wa mtaa, kumshika mbwa anayeshukiwa kwa mikono.

Sumu ya usiku

Mbwa wakizidi, hutokea mtu akapendekeza sumu. Mbali na kuwa kosa kisheria, sumu iliyowekwa kwenye nyama usiku haichagui. Itawaua paka, itawaua kunguru, na mizoga yao itaoza juu ya paa na kwenye mitaro. Mtoto mdogo naye huokota. Zaidi ya hayo, mbwa waliouawa nafasi yao huchukuliwa na wengine mradi mabaki ya chakula yapo, na wageni hao hawajulikani kama wamechanjwa.

Kilichothibitika kufanya kazi ni chanjo ya mbwa wenyewe. Wataalamu huweka lengo la kuchanja angalau asilimia 70 ya mbwa wote wa eneo. Wakifikia hapo, ugonjwa hukosa pa kupita. Mkakati wa kitaifa wa Kenya wa 2014 hadi 2030 umejengwa juu ya hesabu hiyo. Mfano wa karibu ni wa jirani yetu Pemba, kisiwa cha Waswahili kama hiki, ambako pia watu wengi hawafugi mbwa. Kampeni za chanjo ziliuondoa ugonjwa huko kufikia 2014. Mwaka 2016 ukarudi kutoka nje ya kisiwa. Chanjo zikaanzishwa upya, mbwa kwa mbwa, na kufikia mwisho wa 2018 ukawa umeondolewa tena. Mombasa ina kazi zaidi, maana bahari haitukingi: mbwa huvuka kwa miguu Makupa na Nyali, na wengine huja ndani ya magari.

Mwenye mbwa kisiwani anatakiwa amchanje akiwa na umri wa miezi 3, arudie kila mwaka, atunze cheti, na amweke ndani ya ua. Cheti hicho ndicho kitu cha kwanza ambacho afisa ataomba mbwa wake akiuma mtu. Asiye na mbwa ana sehemu yake pia, nayo ni takataka. Mapipa yaliyo wazi nyuma ya mahoteli na machinjio ya kuku hulisha mbwa wengi kuliko mtu yeyote anayewahurumia. Na anayewahurumia, kama ilivyo katika kisa maarufu cha Mtume kuhusu mtu aliyemnywesha mbwa mwenye kiu kwa kiatu chake, aweke maji mbali na njia ya watoto.

Unapopiga simu

Nambari za dharura za polisi ni 999, 112 na 911, na hazitozwi. Kinachomsaidia afisa si maelezo marefu kwamba mtaa umechoka na mbwa, ingawa huenda ni kweli. Anahitaji kujua kama kuna aliyeumwa na ni mtu mzima au mtoto, kama kidonda kimeshaoshwa, mbwa yuko wapi dakika hii na anaelekea wapi, rangi na ukubwa wake, kama ana mkanda shingoni, na kama kuna anayemjua mwenyewe. Taja alama inayojulikana: msikiti, shule, duka, mlango wa Fort Jesus. Jina la kichochoro pekee halimsaidii afisa aliyehamishiwa Mombasa mwezi uliopita. Mtu mmoja abaki akimtazama mbwa kwa mbali, dirishani au darini, na wengine waondoke.

Afisa akishaondoka, andika tarehe ya tukio mahali pa kuonekana, kwenye kalenda ya jikoni kwa mfano, na uhesabu siku 10. Wakati huo wote mbwa asiuzwe, asihamishwe wala asipelekwe shamba. Mwenye mbwa akimwona amebadilika, hali au hanywi, ampigie daktari wa mifugo siku hiyo na aliyeumwa aarifiwe. Siku ya kumi, daktari wa mifugo humkagua mbwa na kuandika alivyomkuta, na karatasi hiyo huchukuliwa na aliyeumwa anapokwenda hospitali kwa sindano inayofuata.